Kichwa cha Chiriku

Jumapili, 7 Septemba

Asubuhi maji ya bafuni yaligoma kushuka. Nikapiga goti, nikaingiza kidole kwenye tundu, nikavuta. Nilidhani ni kitambaa. Kumbe ni nywele, fundo la kujaa kiganja, nyeusi, ndefu, za mwanangu.

Nikamwita. Binti yangu ana miaka kumi na minne na nyumbani tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hajafunga mdomo. Leo alisimama mlangoni, akaliangalia lile fundo, akasema, "Za zamani hizo, baba." Akaondoka.

Mchana mama yake akapiga simu ya video kama kila Jumapili. Ana mwaka na miezi miwili katika nchi ya mbali, anamtunza bibi kizee wa watu, na mkataba wake ni wa miaka miwili. Chiriku akakaa mbele ya simu amevaa kofia ya sufu. Joto la kupasua mawe, yeye na kofia ya sufu.

"Vua nikuone, mwanangu."

"Nasikia baridi, mama."

Mke wangu akanitazama mimi. Nikasema ni kweli, kuna kibaridi.

Daftari hili nilikuwa naandikia vipimo vya makabati. Leo nimeligeuza, naanza kuandika kutoka nyuma. Nimemdanganya mke wangu na sijui kwa nini. Pengine nikiandika nitajua.

Jumatatu, 8 Septemba

Mawingu tele, mvua hakuna. Meza ya wakili imepata vanishi ya kwanza.

Jumatano, 10 Septemba

Chiriku alirudi shuleni na sweta lake la bluu lina unga mweupe mabegani. Nikaanza kumpangusa huku nikijilaumu, maana mimi ndiye ninayerudi na unga wa mbao kila siku. Unga wa mbao hupeperuka. Huu ulinasa kwenye kidole, una mafuta.

"Hebu niangalie kichwa chako."

"Hakuna kitu, baba."

"Basi niangalie hicho kitu ambacho hakipo."

Alikaa kwenye kigoda, nikagawanya nywele kwa vidole. Miaka ishirini na mbili nimetazama nyuso za mbao, najua ugonjwa wa mbao ukoje. Kichwa hiki sikukijua. Ukoko wa manjano umeshika kwenye ngozi, unang'aa kwa mafuta, na chini yake pekundu. Nilipoondoa mkono, nywele kama kumi zilikuja nao bila kuvutwa. Sikumwonyesha. Nikazitia mfukoni.

Jumamosi, 13 Septemba

Shemeji yangu amekuja. Huyu ni mdogo wake mke wangu, ni mpiga chapa katika ofisi ya serikali, na anapoingia nyumbani kwangu huanza kwa kunusa. Alinusa, akafungua madirisha mawili, ndipo akanisalimia.

Alimvua Chiriku kofia kabla sijamkaribisha kiti. "Yarabi! Kichwa kimekauka hiki. Shemeji, mtoto hapakwi mafuta?"

Nikasema mimi naona kina mafuta tayari.

"Wewe unajua vanishi." Akatoa chupa ya mafuta ya nyonyo kwenye mkoba, kama mtu aliyekuja na ushahidi wake mahakamani. Akammiminia, akamkanda, kisha akamsuka mistari ya kubana mpaka nyusi zikapanda. Alisema kusuka kutaficha sehemu zilizopungua. Na kweli zilifichika. Chiriku alipojiangalia kwenye kioo alitabasamu kidogo, mara ya kwanza wiki hii, nami nikanyamaza. Shemeji ni mwanamke, nikawaza, haya ni mambo yake.

Jumatano, 17 Septemba

Mvua imeanza. Vanishi haikauki. Msumari, mwenzangu wa karakana, anasema tuombe jua au tuuze barafu.

Jumapili, 21 Septemba

Simu ya mama. "Umependeza, Chiriku! Nani kakusuka?" "Mama mdogo." "Mwambie nimemshukuru." Wakacheka. Simu ilipokatika, Chiriku aliweka kipaji cha uso mezani, akasema kichwa kinamuuma tangu juzi.

Jumatano, 24 Septemba

Ukoko umetoka katikati ya mistari kama lami kwenye nyufa. Tumefumua, mimi na yeye, kimya kimya. Kila msuko ulipofunguka ulibakisha kitita mkononi. Kuna sehemu juu ya paji la uso ninaona ngozi.

Nimechukia. Sijui namchukia nani, lakini mafuta ya nyonyo nimeyapeleka karakana, nimeyapaka bawaba.

Jumapili, 28 Septemba

Naandika haya kwa sababu nisipoyaandika leo nitayapunguza kesho.

Niliamka nimeamua. Nilijiambia tatizo ni uchafu ulioganda, na kilichoganda hubanduliwa. Mimi kubandua ndiyo kazi yangu. Hakuna rangi mpya inayokaa juu ya ya zamani iliyovimba, lazima upige msasa ufike kwenye mbao yenyewe. Nikachemsha maji. Nikachukua sabuni ya kufulia, kitana cha meno ya karibu, na brashi ndogo ya kusugulia kola za mashati. Nikampindisha juu ya beseni uani, chini ya bati, mvua ikipiga.

Mwanzoni nilijiona bingwa. Ukoko ulikuwa unatoka vipande vipande na maji yakawa meupe. Nikakaza mkono.

"Baba, inauma."

"Vumilia kidogo, tunakaribia."

"Baba."

"Kidogo tu, mama."

Akanyamaza. Ule unyamavu ndio uliopaswa kunishtua, mtoto ambaye hata usingizini huongea. Nikaendelea kusugua, nikaona maji yamekuwa na rangi ya waridi. Nikadhani ni kutu ya beseni.

Nilipomwinua alikuwa ameng'ata taulo. Nyuma ya kichwa na upande wa kulia ngozi imechubuka sehemu tatu, mojawapo upana wa kifungo cha koti. Beseni zima limejaa nywele.

Nikamwambia samahani. Akasema, "Haina neno." Angelia ningejua la kufanya.

Simu ilipoita sikupokea. Nikamwandikia mke wangu kuwa mtandao ni mbovu kwa sababu ya mvua.

Jumatatu, 29 Septemba

Hakwenda shule. Mimi nimekwenda kazini na sikufanya chochote cha maana.

Jumatano, 1 Oktoba

Shemeji alipata habari shuleni kwamba mtoto hajaonekana siku tatu, akaja na mwavuli umepinduka kwa upepo. Alimkuta Chiriku amelala kifudifudi. Akaona.

Alitoka chumbani taratibu, akafunga mlango nyuma yake, akanisimamia jikoni.

"Shemeji, hiki ni kichwa cha mtoto au mlango unaoukwangua rangi?"

"Mafuta yako ndiyo yaliyoanza."

"Mafuta yangu yametoa damu?"

"Na misuko yako? Umemvuta mpaka macho yakapanda!"

"Angalau mimi nilimwacha na ngozi!"

Tulipandishiana sauti mpaka jirani akazima redio yake asikilize vizuri. Shemeji akasema anamchukua Chiriku kwake leo hii, na kwamba leo hii atampigia dada yake amweleze kila kitu. Nikamwambia akithubutu, dada yake atavunja mkataba, atarudi, na miezi kumi na minne ya kulala peke yake ugenini itakuwa ya bure. Akasema, "Heri arudi akute mtoto ana kichwa." Akaingia chumbani, akatoa begi juu ya kabati, akaanza kutia nguo. Nikalishika begi. Naona aibu kuandika, lakini tulilivuta lile begi, yeye huku, mimi huku, watu wazima wawili.

Ndipo Chiriku akakaa kitandani.

"Mnanigombania kama kabati la urithi," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nataka nini."

Shemeji akaachia begi kwanza. "Haya. Unataka nini, mwanangu?"

"Nataka mtu anayejua."

Ijumaa, 3 Oktoba

Tumekwenda zahanati watatu. Tulikaa kwenye benchi, Chiriku katikati kama ukuta wa mpaka.

Tabibu ni mama mnene mwenye miwani ya kufungwa kwa kamba. Alimkagua kwa mwanga wa dirishani, polepole, bila kukunja uso. Chiriku alikuwa anamtazama uso wakati wote, aone kama utakunjwa.

"Haya ni mambo mawili," alisema, "msiyachanganye. Binti, umewahi kuugua mwaka huu?"

Chiriku akasema alilazwa mwisho wa mwezi wa sita, homa ya matumbo, siku tisa.

"Basi hilo la kwanza. Homa kali ikipita mwilini, nywele nyingi hupumzika kwa pamoja. Hazidondoki siku hiyo. Hudondoka miezi miwili mitatu baadaye, wewe umeshapona na umeshasahau. Zinakutisha, lakini mzizi haujafa. Zitaota. Haziharakishwi."

La pili ni mba ya mafuta. Alisema juu ya kila kichwa wanaishi fangasi wadogo sana, hata kwake wamo, na chakula chao ni mafuta ya ngozi. Kichwa cha Chiriku sasa kinatoa mafuta mengi, ngozi inakereka, inabanduka kabla ya wakati wake. "Na kuna mtu anaongeza mafuta mengine juu. Nani?"

Shemeji akaangalia feni ya darini.

"Na michubuko hii?"

Nikaangalia viatu vyangu.

Tabibu akavua miwani. "Naona nyote mnampenda. Sasa mpendeni taratibu."

Ametupa mafuta ya kutibu michubuko, yapakwe hapo tu, na tusioshe mpaka ifunge. Kisha tutumie shampuu ya dawa mara mbili kwa wiki: maji ya uvuguvugu, povu likae dakika tano ili magamba yalainike yenyewe, kusugua kwa nyama za vidole na kucha zisiguse, kusuuza mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Tusisuke kwa kubana. Tusihesabu nywele.

Njiani Chiriku aliongea. Si sana. Alisema miwani ya tabibu ikikatika kamba itaangukia kwenye vidonge. Shemeji na mimi tulicheka kupita kiasi.

Jumapili, 5 Oktoba

Simu imepigwa mara mbili. Nimesema Chiriku yuko kwa mama mdogo. Shemeji akapigiwa, akasema Chiriku yuko kwangu, amelala. Sasa tunadanganya kwa zamu.

Jumapili, 12 Oktoba

Michubuko imefunga. Leo nimeosha.

Nilikata kucha jana, nikazipiga msasa laini kabisa. Msumari aliniuliza kama naolewa. Nilimweleza. Msumari ana upara tangu akiwa na miaka ishirini na tano na hakuna utani wa upara ambao hajautangulia kuusema mwenyewe, lakini jana hakutania. Alisema, "Usiharakishe dakika zile tano. Mtu akiharakisha kichwa chako unajua kabisa kuwa anatamani kuwa mahali pengine."

Nikaweka saa ukingoni mwa beseni. Dakika tano na povu kichwani ni ndefu. Chiriku alikuwa amefumba macho, mabega juu, amejikaza akisubiri maumivu. Nikagusa kwa vidole tu, duara ndogo ndogo. Dakika ya tatu mabega yalishuka.

Nywele zilitoka, nyingi. Nilizisogeza na maji asizione. Akasema, "Nimeziona, baba. Usijisumbue."

Jumatano, 15 Oktoba

Kuosha. Mvua. Shemeji alikuja kutoka kazini akakausha kichwa kwa fulana kuukuu, akikandamiza bila kufikicha. Hakunusa alipoingia.

Chiriku alipokwenda kufanya kazi ya shule, shemeji alibaki na ile fulana mikononi, anatoa nywele moja moja zilizonasa.

"Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka sita," alisema. "Dada ndiye aliyeniosha kichwa, akanichana, akanisuka, mpaka naolewa. Hakuwahi kuniumiza hata siku moja. Alipoondoka aliniambia neno moja tu pale kwenye basi: mwanangu. Hata hakumaliza sentensi." Akazikunja nywele ndani ya karatasi. "Nilipoona kichwa kile, shemeji, sikumfikiria Chiriku. Nilijifikiria mimi, nitamtazamaje."

Mimi siku zote nilijua kwamba anakuja kunikagua. Kumbe alikuwa anajikagua mwenyewe. Nikamchemshia chai. Akasema sukari imezidi, na akainywa yote.

Jumapili, 19 Oktoba

Kuosha. Simu: sauti tu. Nimesema kamera imeharibika. Mke wangu akasema, "Kamera. Sawa." Tumeoana miaka kumi na sita, najua "sawa" zake zote. Hii ilikuwa mbaya.

Jumatano, 22 Oktoba

Kuosha.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mwalimu mpya alimwamuru Chiriku avue kofia darasani. Akavua. Kuna msichana akapiga mluzi, mwingine akasema panya wamepita. Nilimuuliza alifanya nini. Alisema aliwageukia akawaambia hana panya, ana fangasi, na wao pia wanao, tabibu amesema, ila wa kwao hawajaamka bado. Darasa zima likaanza kujikuna.

Halafu alikwenda chooni akakaa huko kipindi kizima cha hesabu. Hilo alinieleza baadaye kidogo, akiwa anamenya viazi, amenipa mgongo.

Kesho nakwenda kumwona mwalimu.

Jumanne, 28 Oktoba

Mwalimu ni kijana. Alisema hakujua. Nikamwambia hata mimi sikujua, na mimi ni baba yake. Tukaelewana.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua imekatika mchana. Nimemwosha uani kwenye jua, nikaona vizuri: ukoko umekwisha isipokuwa ukanda mwembamba karibu na shingo. Ngozi ni ya rangi yake. Maji ya kwanza tu ndiyo yaliyokuwa na weupe, ya pili safi. Kujikuna ameacha. Nywele bado zinatoka, ila safari hii ni chache ndani ya beseni, naweza kuona bati lake kati yake.

Sauti tu kwenye simu. Mke wangu hakuuliza habari za kamera. Afadhali angeuliza.

Jumapili, 9 Novemba

Chiriku ameamua. Alimwita shemeji mwenyewe, akamwambia alete mkasi. Zilizobaki ni ndefu huku, fupi kule, na yeye amechoka kuzibembeleza. "Zikate zote zilingane, mama mdogo."

Shemeji alishika mkasi, akaushusha. Akaushika tena. "Nywele za mwanamke, mwanangu..."

"Ni zangu."

Alizikata hadi kimo cha unene wa kidole. Kichwa cha mwanangu kina umbo zuri sana na sikuwa najua. Shemeji akapitisha kiganja kuanzia kisogoni kuja mbele, akasimama kwenye paji la uso. "Shemeji, njoo uone." Pale palipokuwa wazi kuna vinywele vifupi, laini, vimesimama wima kama vimeitwa kwa majina. Sote watatu tulisogeza vichwa pamoja tukagongana.

Kisha Chiriku akasema wiki ijayo kamera itapona.

Nilimwambia tusubiri zikue kidogo. Nilimweleza habari ya mkataba. Akaniuliza, "Baba, unaogopa mama atarudi, au unaogopa atajua?"

Sikumjibu. Ninamjibu hapa: atajua.

Jumapili, 16 Novemba

Chiriku aliegemeza simu kwenye kopo la vanishi, uani, akakaa mbele yake kichwa wazi. Shemeji alikuwa jikoni anajifanya anaosha sufuria safi. Mimi nilisimama pembeni, nje ya picha.

Mke wangu alitokea. Akatazama. Hakusema kitu kwa muda mrefu hata nikadhani mtandao umekatika kweli.

"Nywele zako ziko wapi?"

Chiriku akamweleza yote, kuanzia tundu la bafuni. Homa, mba, mafuta ya nyonyo, brashi. Sufuria jikoni ikaanguka. Alipofika kwenye brashi alisema, "Baba aliniumiza lakini hakujua," kisha akaendelea na zahanati, bila kupunguza na bila kuongeza.

"Yuko wapi baba yako?"

Nikaingia kwenye picha.

"Miezi miwili," mke wangu alisema. "Nimemlisha mama wa watu uji kwa kijiko huku mwanangu mwenyewe ananyonyoka, na ninyi mnaniambia kamera. Kesho naomba ruhusa. Narudi."

Nilifungua mdomo nikakuta ule utetezi niliouandaa wiki nzima haumo. Nikasema tu, "Niliona haya. Uliniachia mtoto mzima, nikashindwa na kichwa chake."

Mke wangu alijifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Mama," Chiriku akasema, "zinaota. Tazama." Akasogea mpaka skrini ikawa paji la uso tupu. "Usirudi kwa ajili ya nywele. Maliza, halafu urudi kwa ajili yangu."

Kisha sauti ya mke wangu, ya chini, ile ninayoijua ya nyumbani: "Sasa nani anakuosha?"

"Baba. Jumatano na Jumapili."

"Na leo ni Jumapili."

"Tulikuwa tunakungoja wewe umalize kugomba."

Mke wangu akacheka huku analia, akasogeza kiti chake, nikaona ukuta wa chumba chake ambao sikuwa nimewahi kuuona, na kalenda yenye misalaba ya kalamu nyekundu. "Haya," akasema. "Osheni. Mimi nipo."

Nikamwaga maji ya uvuguvugu. Nikatia shampuu, nikapiga povu, shemeji akatoka jikoni na saa, akatushikia. Dakika tano. Hakuna aliyesema kitu, hata Chiriku. Mke wangu aliweka kidevu kwenye mikono, akafuata vidole vyangu kila vilikokwenda, kama mtu anayesoma barua polepole asiimalize. Nilisuuza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, maji yakatoka kama yalivyoingia. Nikachukua fulana ya kukaushia.

"Umeruka nyuma ya masikio," akasema mke wangu.

Nikaweka fulana chini, nikaanza tena.